Sahani Kumi na Moja

Jogoo amefungwa mguu wa meza tangu jana
kwa utepe wa kitenge uliobaki kwenye magauni yetu.
Anadonoa sakafu, anatafuta asichokipoteza.
Mama anachambua mchele. Hasemi.
Miaka yote, saa hizi, angekuwa ameshanituma:
"Kamwite Mzee Almasi, na umsalimie kwanza,
usimrukie na habari za kuku."

Mzee Almasi hakuiita Krismasi.
Aliiita "ile siku yenu ya pilau".
Alikuja na kisu kilichoviringishwa gazetini,
akamlaza jogoo kuelekea kibla, akataja jina la Mungu,
kisha akanawa kwenye beseni letu la bluu
na kuuliza, kila mwaka, kama iliki ipo ya kutosha.
Hivyo tangu baba anasimamisha chumba cha kwanza hapa Ujiji:
mkono ule ndio uchinje,
ili kichochoro kizima kile
pasiwe na wa kuuliza.

Sahani ni kumi na moja. Nimezibeba tangu nina miaka sita,
kawa juu, mchuzi ukinichoma kidole gumba.
Ya Mama Tausi haina pilipili.
Ya Ruhuza fundi baiskeli ina shingo,
maana asipoiona shingo hununa mpaka Pasaka.
Ya Mzee Almasi ilikuwa na firigisi,
juu kabisa ya wali, kama kofia.
Firigisi! Ambayo kwao Kasulu, baba anasema,
mtoto akiigusa hulala nje.
Na baba mwenyewe ndiye aliyeiweka pale.
Idi ikifika sahani zilirudi,
hazikurudi tupu hata moja.

Tulimzika Agosti.
Vumbi liliingia hadi kwenye chai ya msiba.

Sasa mvua. Bati linapigwa, jiko linafuka,
migebuka ya mkesha inageuka rangi ndani ya mawese
na harufu yake imeshakaa kwenye nguo zetu za kanisani,
kama kila mwaka, hata tuzianike wapi.
Bukuru amepiga simu: treni imelala Uvinza,
anauliza, anunue chumvi?
"Anunue," mama anasema. "Chumvi haiozi."
Ni neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Baba anajikohoza.
Anasema mjini kuna kuku wa duka, wa barafu,
wameshachinjwa, wameshanyonyolewa, mambo yamekwisha.
Mama anamtazama
kama mtu aliyeshauri tuihamishie Krismasi mwezi wa tatu.
Anarudi kwenye mchele. Anatoa jiwe. Anatoa jiwe jingine.
Mimi nahesabu sahani, nafika kumi,
naanza upya.

Hodi haikusikika kwa mvua.
Tulimwona tu amesimama mlangoni,
Hamdani, mjukuu, miaka kumi na mitano,
kanzu imemshika magotini kwa maji,
kwapani kitu kirefu kimeviringishwa gazetini.
"Bibi anasema saa inakwenda."

Alifanya taratibu mno. Jogoo alipiga bawa moja,
baba akamshikia miguu,
na midomo ya kijana ilitamka maneno yale kwa sauti ndogo,
mara mbili, nadhani, kwa kuhofia ya kwanza haikufika.
Kisha akanawa kwenye beseni la bluu.
Akanawa tena.
Akabaki na mikono inayodondosha maji, hajui aiweke wapi,
anatazama chungu, anatazama mama.
"Eti," akasema, "iliki… ipo?"

Mama akageukia ukuta.
Akatafuta kitu pale ukutani, ambapo hapana kitu.
"Ipo," akasema. "Ipo tele."

Jioni, wakati wa kupakua, nikauliza la firigisi.
Nikasema Hamdani bado mtoto,
watoto hupenda paja.
Mama akaikokota kwa mwiko kutoka chini ya chungu,
akaipuliza, akaipandisha juu ya wali.
"Mpelekee hivyo hivyo," akasema.
"Atazoea."